Safu Mbili

Kadi ilikuwa na safu themanini,
ya themanini na moja hakuna.
Jina, namba ya kazi, kituo, mshahara,
siku ya kuzaliwa: vyote viingie humo
kama watu tisa katika chumba kimoja cha Muthurwa.

Ndipo Jerida Kageha, mtoboaji kadi
wa makao makuu ya Reli, mwaka wa sitini na sita,
akaambiwa na msimamizi: karne iache nje.
Kumi na tisa kila mtu anaijua,
ya nini kuitoboa?

Akaiacha.
Kadi elfu kwa zamu, mashine ikitafuna,
vipunje vya karatasi vikimwingia nyweleni
hata Jumapili, kanisani,
wakamdhania ametoka arusini.
Usiku kitandani alipiga hesabu:
safu mbili kwa kila mtu, watu elfu ishirini.
Nafasi kiasi hicho, aliniambia,
ungelisha ng'ombe.

Mimi nilimkuta amekwisha kustaafu.
Desemba, tisini na tisa. Mjini
watu walipanga foleni benki, wakinunua mishumaa,
na mhubiri wa Jeevanjee akiapa
kwamba mashine zitazirai na ndege
zitapukutika kama mapera.
Meneja hakujali ndege.
Yeye alihofia malipo ya uzeeni:
walioandika programu ile walikufa au walihama,
na daftari la maelezo lililiwa na panya.

Tukatuma gari Kariobangi Kusini.
Alikuja na sindano za kufumia, chupa ya chai,
miwani iliyofungwa kwa uzi.
"Saa za ziada mnalipa?"

Saa tano na nusu usiku.
Diski zinavuma kama nyuki ndani ya debe.
Yeye anafuma. Mimi natokwa jasho.

Saa sita.

Fataki, upande wa Uhuru Park. Honi.
Taa hazikuzimika, hata kupepesa.
Nikacheka, nikatafuta mtu wa kumkumbatia.
"Chapisha kwanza," akasema.

Printa ikakohoa, ikatoa ulimi mrefu wa karatasi:
KAGEHA J. UMRI: -38. MALIPO: HASTAHILI.

Aliusoma mara mbili, miwani ikishuka puani.
"Hasi thelathini na nane.
Basi mama yangu hajaolewa.
Reli ina mwaka mmoja tu hapa,
Nairobi ni mahema na matope.
Sasa nani aliyezitoboa hizi kadi?"
Akanimiminia chai.

Tulikesha. Mimi nilichapa, yeye akaamuru.
Nikapendekeza: mwaka wowote chini ya thelathini
tuuhesabu wa elfu mbili.
"Thelathini? Mzee Ogolla wa ghala
alizaliwa ishirini na moja.
Utamgeuza mtoto ambaye hajaja. Weka kumi."
Na mwaka wa kumi ukifika?
"Utajua wewe. Mimi nitakuwa na sabini na mbili."

Alfajiri mashine ikamrudishia umri wake,
sitini na mbili, pamoja na shilingi zake.
Kabla sijafunga faili akanishika mkono.
Kuna mahali ndani ya programu
ambapo mtu huandika maneno, na mashine huyapita
bila kuyasoma. Hapo akataka nichape:
SAMAHANI. NAFASI HAIKUTOSHA. J.K.

Sikungoja kuitwa tena.
Desemba ya elfu mbili na tisa nilirudi peke yangu.
Siku hizo tayari kadi zote za Reli
zingetosha ndani ya kidubwana
nilichoning'iniza kwenye funguo,
na bado kungebaki nafasi ya picha za arusi.
Mzee Ogolla tulikuwa tumemzika.
Nikaandika miaka yote kwa tarakimu nne,
polepole, kama mtu anayelipa deni la mwingine.

Mstari ule ungeweza kufutwa.
Kidole kilikaa juu ya kitufe.
Chini ya jina lake nikaongeza langu.